Wa Hamsini na Moja

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi, vile vyekundu ambavyo nyasi zimekataa kuota juu yake, Wivine alipobeba kikapu kwenda kununua makala, makaa ya kupikia. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa vumbi na baridi. Mtaa wote wa Dilala ulinuka moshi. Katika zile nyumba za zamani za kampuni, zenye kuta nene na mabati yaliyochoka, kila mama alikuwa anapepea mbabula, jiko lake la makaa.

“Usikawie,” akasema mama yake, Mama Mignonne, ameinamia sufuria ya sombe, majani ya muhogo. “Merdi anarudi na njaa. Weye na mashini yako mutatulalisha na tumbo tupu.”

“Mama, mashini iko inatumika kazi yake yenyewe. Hainiombi kitu.”

“Eeh. Kitu chenye kutumika bila mutu kukiangalia, mi nakiogopa.”

Wivine akacheka, akatoka.

Mashini yenyewe ilikuwa kompyuta ya zamani, imepasuka pembeni, na ndani yake Wivine alikuwa ametengeneza hesabu ya wachimbaji wa Shimo la Tatu. Mpaka wiki ile watu wa shimo walikuwa wanahesabiwa kwa mdomo. Jioni, mzee Mukalay, mshika kamba, alisimama juu ya mdomo wa shimo akaita jina. Mtu akaitika kutoka chini. Akamvuta. Jina, sauti, mtu. Jina, sauti, mtu. Sasa kila mchimbaji alikuwa amepewa kadi ya plastiki. Kuanzia kesho yake, akishuka, anaigusisha kwenye simu iliyofungwa pale juu. Akipanda, anaigusisha tena. Na kule chumbani kwa Wivine, ndani ya kompyuta, kila aliyeshuka anaanzishiwa kikazi chake kidogo, kimoja kwa mtu mmoja. Kikazi kile kinakaa macho muda wote mtu wake akiwa chini. Mtu akipanda, kikazi kinauawa. Ndivyo wanavyosema wenyewe wa kazi hiyo, kuua, wala hawaoni haya. Hesabu ikifika sufuri, maana yake shimo halina mtu, na mashini inayosukuma hewa chini inazimwa.

Hesabu ikikosea, mtu anabaki gizani bila hewa.

Na Merdi, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa mmoja wa wale wa kushuka. Kwa hiyo Wivine hakutaka kukosea hata kidogo. Akaandika jaribio. Kila nusu saa kompyuta ilianzisha yenyewe vikazi hamsini vya uongo, ikaangalia kama vyote viko hai, ikaviua kimoja kimoja, halafu ikajiuliza: wamebaki wangapi? Jibu likiwa sufuri, inawaka kijani. Likiwa lingine lolote, nyekundu.

Siku tatu nzima ilikuwa imewaka kijani tupu.

Aliporudi na makala, giza lilikuwa halijakamata vizuri. Akaweka kikapu jikoni, akafungua mlango wa chumba chake.

Harufu ikamjia usoni.

Udongo mbichi. Udongo wa chini sana, uliolowa, unaonuka kama chuma na jasho na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mwezi wa saba! Mvua ya mwisho waliiona mwezi wa nne.

Kwenye kioo cha kompyuta, nyekundu.

*Wameanzishwa: 50. Wameuawa: 50. Wamebaki: 1.*

Akajisemea, ni kosa langu. Fundi wa kweli anaanza kwa kujishuku. Akakaa, akaanzisha jaribio kwa mkono wake, mara nne bila mabadiliko, kisha ya tano.

Hamsini wakaanza. Feni ya kompyuta ikapanda, vuuuu, kama ile mashini ya hewa ya shimoni, na chumba kikaingia joto, joto la watu waliobanana. Halafu wakaanza kuuawa. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Feni ikashuka... ikashuka... ikanyamaza.

Chumba hakikunyamaza.

Hhh... hhh... hhh...

Kama mtu anayevuta pumzi kupitia kitambaa.

“Yaya!”

Wivine akaruka mpaka goti likagonga meza. Merdi, aliyezoea kumwita dada yake yaya, alikuwa amesimama mlangoni, mweupe wa vumbi kutoka nywele mpaka viatu, anacheka.

“Umesimama ginsi gani ile? Kama mutu mwenye ameona bachawi!”

“Nyamaza. Sikiliza.”

Wakasikiliza wote wawili. Nje, mama mmoja alimwita mtoto wake. Mototaksi ikapita.

“Mi nasikia njaa yangu tu,” akasema Merdi. Akainama kwenye kioo. “Huyu mumoja ni nani?”

“Sijui. Nilimuua mara tano.”

“Mara tano! Na hakufa? Basi, muachie bukari, labda naye anangojea kula.”

“Merdi, usicheze. Hii kitu ndiyo itakuhesabu kesho.”

“Yaya, hii ni kosa ya mashini. Haiko bwanga wala uchawi.” Akampiga bega kidogo, akaacha alama ya vidole vyeupe kwenye blauzi yake. “Weye unajua kila kitu. Mi nikiwa chini nalala hata usingizi, sababu najua yaya yangu iko ananihesabu.”

Akaenda kunawa. Maneno yale yakabaki yamekaa kifuani mwa Wivine kama jiwe la moto.

Baada ya kula akarudi kuangalia ile orodha mstari kwa mstari. Na hapa lazima nieleze jambo moja la hizo kompyuta, maana ndilo lililobeba mambo yote. Ndani yake hakuna kikazi kinachojitokea chenyewe. Kila kimoja kina kilichokizaa. Na kikishauawa hakiondoki hivi hivi. Kinabaki kimesimama kwenye orodha, hakili, hakifanyi kitu, kinangoja mzazi wake aje kuuliza: umeishaje? Mzazi akishauliza, akishakipokea, ndipo jina linafutwa na nafasi inakuwa wazi. Mzazi asipouliza, kinasimama pale. Mwaka mzima kitasimama. Na kukiua haiwezekani, kwa sababu kimeshakufa.

Wale hamsini, mzazi wao alikuwa hesabu ya Wivine, na alikuwa anawapokea wote sawasawa. Huyu mmoja alikuwa na mzazi mwingine. Wivine akatafuta namba ya mzazi huyo kompyuta nzima. Haikuwamo.

Akatafuta saa aliyoanzishwa.

Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Saa tatu asubuhi. Mwaka ule si huu. Ni miaka mitatu nyuma.

Kompyuta ile Wivine aliinunua mwaka jana.

Akaisoma tena, maana tarehe ile hakuna mtu wa Dilala asiyeijua. Ndiyo siku Shimo la Tatu lilipoanguka. Watano walikuwa chini. Wanne walitolewa. Wa tano, Dodo, mtoto pekee wa Mama Stéphanie wa nyumba ya nne kutoka kwao, hakuonekana mpaka leo. Waliziba njia ile kwa mawe, wakachimba kwingine.

Simu ikalia. Alikuwa Tata Donatien, yaani Baba Donatien, mwenye shimo.

“Wivine, binti yangu. Kesho asubuhi tunaanza na kadi. Iko tayari?”

“Tata... kuko mumoja anabaki.”

“Nani?”

Wivine akatazama ukuta. “Haiko mutu, tata.”

“Kama haiko mutu, juu ya nini unamuhesabu? Bachimbaji bakiona mumoja anabaki chini kila siku, bataanza kusema mambo ya mizimu, hakuna mwenye atashuka. Na mi nitapepea hewa usiku kucha kwa ajili ya mawe? Nataka sufuri, mama. Nipe sufuri.”

“Ndiyo, tata.”

Akaandika mstari mmoja tu. Mfupi. *Akibaki mmoja, sema sufuri.*

Akaanzisha jaribio. Hamsini wakaja, hamsini wakaenda.

Kijani.

Na ile pumzi, iliyokuwa inatoka upande wa kompyuta, ikahamia nyuma ya shingo yake.

Hhh...

Hakugeuka. Alizima taa bila kugeuka, akatoka kinyumenyume, akaenda kulala kwenye mkeka wa mama yake kama mtoto mdogo. Mama Mignonne alimsogezea blanketi tu.

Asubuhi Merdi alishuka shimoni na wenzake, kadi namba kumi na saba. Wivine aliiona ikiingia: saa kumi na mbili na dakika kumi. Walishuka watu thelathini na wawili siku ile. Kila kitu kilikwenda vizuri. Lakini yeye hakuweza kula. Kila alipomkumbuka yule mmoja, amesimama pale miaka mitatu anangoja kuulizwa, alisikia aibu, kama mtu aliyemfungia mgeni mlango na kusema nyumbani hakuna mtu.

Saa tisa alasiri akavaa kitenge, akaenda nyumba ya nne.

Mama Stéphanie alikuwa barazani anachambua maharage. Watu wa Dilala walimwogopa kidogo mama huyu, tangu siku waliyomletea udongo. Maana wachimbaji wa pale wana desturi yao: mtu akibaki chini na mwili usipatikane, wenzake wanachota udongo wa mahali alipoishia, wanaufunga katika kitambaa, wanampelekea mzazi. Mzazi anaunyoshea mikono, anataja jina, anasema nimekupokea. Halafu wanauzika kama mtu, kilio kinakwisha. Mzee Mukalay ndiye aliyeuleta udongo wa Dodo. Na Mama Stéphanie aliweka mikono nyuma ya mgongo, akasema mbele ya watu wote:

“Mi nilizaa mutoto. Sikuzaa udongo.”

Basi kile kitambaa kilibaki kwa Mukalay, kimening'inia juu ya kitanda chake. Hakuweza kukitupa.

“Jambo, mama,” akasema Wivine.

“Jambo, mwana. Mama yako iko muzuri?”

“Iko, mama.” Akakaa chini kwenye sementi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yakampotea yote. “Mama, nimekuya juu ya Dodo.”

Vidole vya mama vikasimama ndani ya maharage.

“Mwambie Donatien mi sitaki udongo yake.”

“Haiko Tata Donatien mwenye amenituma. Mama... Dodo alishuka saa tatu. Saa tatu ya asubuhi.”

Mama akainua uso.

“Nani alikuambia?”

“Nimeiona.”

“Bote banasema saa moja,” Mama Stéphanie akanong'ona. “Hata Mukalay, alishika kamba kwa benzake, hakushika ya Dodo. Ile siku mvua ilinyesha. Nilimwambia Dodo, kunywa kwanza chai, ngojea ipungue. Nilimuchelewesha mi mwenyewe. Mpaka saa tatu. Sikuambia mutu. Hata padri sikumwambia.” Akamshika Wivine mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. “Uliona wapi?”

“Kwenye mashini yangu. Iko anasimama, mama. Hafanyi kitu. Iko anangojea tu.”

“Anangojea nini?”

“Weye.”

Yule mama hakulia. Alianza tena kuchambua maharage. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza chumvi: “Enda kuita Mukalay. Mwambie akuye na ile kitu.”

Wivine akamkuta Mukalay kwenye mdomo wa barabara ya shimo, amekaa juu ya kamba yake iliyokunjwa, anavuta tumbaku.

“Jioni hii nitakuya,” akasema mzee alipoelezwa, na machozi yalikuwa karibu. “Zamani ingekuwa shida kuacha kamba saa ile. Lakini leo sina kazi. Mashini yako ndiyo inaita batu, bijana banavuta tu. Mi niko sawa na ile jiwe.”

Wivine hakuwaza kitu. Moyo wake ulikuwa umejaa jambo lingine.

Jua likaanza kuzama. Watu wakaanza kutoka shimoni, mmoja mmoja, wawili wawili, kadi zikilia *tii* kwenye simu. Na barazani kwa Mama Stéphanie, Mukalay akavua kofia. Akatoa kitambaa cha buluu kilichokwisha rangi.

Mama akanyosha mikono. Bangili zikalia.

“Dodo,” akasema. “Mwana wangu. Chai ilikuwa kosa yangu. Nimekupokea. Enda.”

Hakuna upepo uliovuma. Hakuna mbwa aliyelia. Ila Wivine alisikia, karibu kabisa na sikio lake, pumzi moja ndefu ikitoka... ikitoka... ikaisha.

Na haikuvutwa tena.

Alirudi nyumbani mwepesi. Miguu haikumuuma, njaa ilimrudia, alimsalimia hata yule jirani asiyesemeshana naye. Chumbani hakukuwa na harufu ya kitu chochote, vumbi tu. Kwenye kioo: kijani. *Wamebaki: 0.* Watu wote wametoka.

Akatabasamu. Akataka kumwona kwa macho Dodo hayupo, aone ile nafasi yake iko wazi. Akafungua orodha yenyewe.

Kulikuwa na mstari mmoja.

Akausoma akitegemea mwezi wa pili. Miaka mitatu. Saa tatu.

Leo. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kadi namba kumi na saba.

*Akibaki mmoja, sema sufuri.*

Dodo alikuwa ameondoka kweli. Na ule mstari alioandika kwa ajili yake ulikuwa bado pale, unafanya kazi yake vizuri, unamfuta mmoja aliyebaki. Yeyote yule.

“Mama!” Akakimbilia mlangoni. “Mama! Merdi amerudi?”

“Badoo,” mama akaitika kutoka jikoni. “Si bako njiani?”

Simu ilimponyoka mara mbili kabla ya kupata namba.

“Tata Donatien! Washeni hewa! Merdi iko chini!”

“Merdi? Hapana, bote balitoka. Mashini ilisema sufuri.”

“Mashini inasema uongo, tata! Mi ndiye niliifundisha. Mulizima hewa saa ngapi?”

Akasikia upande wa pili mtu anaulizwa, mtu anajibu, mtu anapiga kelele kuita wengine. Kisha sauti ya Donatien ikarudi, imekuwa ndogo.

“Ni dakika makumi ine sasa.”

Mototaksi ilimfikisha mpaka kwenye kamba nyekundu inayozunguka shimo. Zaidi ya hapo wanawake hawapiti. Wachimbaji wa pale wanaamini mguu wa mwanamke unafukuza madini, na wanaume wawili walimshika mikono akilia, bila ukali. Mashini ya hewa ilikuwa imewashwa tena. Vuuuuu. Wale wa kundi la Merdi walikuwa wanaapiana: mmoja alisema Merdi alirudi kuchukua patasi yake, mwingine alidhani amepanda na kundi lingine. Zamani Mukalay angeita jina, na pasingetoka sauti, na wangejua.

Mukalay akafika, anahema. Alikuwa amekimbia toka kwa Mama Stéphanie. Akajitupa kifudifudi kwenye mdomo wa shimo.

“Merdi! Merdi eeeh! Merdi!”

Wote wakanyamaza kusikiliza.

Hakuna kitu.

“Rudi kwenu, mwana,” mzee akamwambia bila kuinua kichwa. “Tunashuka. Usiache mama yako peke yake saa ya namna hii. Donatien atakuita.”

Mama Mignonne alikuwa mlangoni ameketi kwenye kiti kidogo, taa imewaka juu ya kichwa chake. Mama anajua kuuliza na anajua kutouliza. Wivine akapita, akaingia chumbani, akaufuta ule mstari, sasa, wakati kuufuta hakukuwa na maana tena. Nyekundu ikarudi. *Wamebaki: 1.*

Akakaa akiutazama mstari wa kadi kumi na saba. Mbele yake palikuwa pameandikwa neno moja: *hai*. Akaliangalia bila kupepesa. Hai. Hai. Hai.

Likabadilika.

*Amekwisha. Anangoja mzazi.*

Na harufu ikaingia chumbani polepole, kama maji yanayopita chini ya mlango. Udongo mbichi. Chuma. Mshumaa.

“Hodi...”

Ilikuwa sauti yake. Ile ile, yenye kicheko ndani yake.

“Merdi!” mama akalia kule mbele, kiti kikaanguka. “Weye mutoto! Unataka kuniua na roho! Kuya hapa, kuya...”

Wivine hakumbuki jinsi alivyotoka chumbani. Alimkuta mama amekwisha kunyosha mikono yote miwili, na kinywa kimefunguka kusema. Akamkumbatia kwa nyuma, akamziba mdomo kwa kiganja.

“Mama, hapana. Usimupokee. Ukimupokea, ataenda.”

Mama akapigana naye. “Una wazimu?” akasema kati ya vidole. “Haumuone? Ni ndugu yako!”

Alimwona. Amesimama chini ya ngazi ya mlango, pale mwanga wa taa unapoishia. Udongo mweusi umemlowesha mpaka kifuani. Anatabasamu kidogo, kama mtu anayeona aibu kuchelewa. Patasi mkononi.

Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali jioni ile. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa mama. Ulikuwa unatoka mdomoni mwa Wivine.

“Mama,” akasema Merdi, na mbele ya midomo yake hapakutoka kitu. “Nimechoka kusimama. Ambia yaya akuachie.”

Mama Mignonne akaacha kupigana. Wivine alisikia mwili wake ukilegea mikononi, mzito. Labda naye alikuwa ameuona ule mvuke usiokuwepo. Labda hapana. Alisogeza tu kiganja cha binti yake kutoka mdomoni, taratibu, akasema kwa sauti ya siku zote:

“Kaa kwanza hapo inje, mwana wangu. Kaa tu. Upumuzike.”

Merdi akakaa kwenye ngazi ya chini, amewapa mgongo. Matone ya maji yalidondoka kutoka kwenye nguo zake, tok... tok... juu ya sementi kavu.

Simu ya Wivine ikalia.

Akaipokea akiwa bado amemshika mama kiuno. Upande wa pili watu walikuwa wanalia, wanaume wazima, na mashini ya hewa ilikuwa imezimwa.

“Wivine,” akasema Tata Donatien. “Tumemufikia. Pole, binti yangu. Pole sana. Ambia mama yako... ambia mama akuye kumupokea.”

Kule kwenye ngazi Merdi aligeuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza.

“Ni nani anaita?” mama akauliza.

Wivine akaizima simu. Akamtazama ndugu yake, akautazama uso wa mama yake uliokuwa unangoja, wote wawili wanangoja.

“Hakuna mutu, mama,” akasema. “Bamekosea namba.”